Mfereji Huu Ni wa Nani?

Bomba lilisimama chini ya daraja la Mrangeni siku ya Jumatatu, na hadi Alhamisi nilipofika halikuwa limesogea hata unyayo. Wenyeji walilichukulia jambo hilo kama ushindi. Mwenyekiti Senzota alinipokea nikiwa bado sijafunga mlango wa gari, akaninong'oneza kwamba dude limechoka, milima ya Upare imelishinda. Mimi sikucheka. Nimefanya kazi ya ukaguzi wa njia miaka tisa, na ninajua kwamba bomba halichoki. Likisimama, linasikiliza.

Tuliteremka pamoja hadi korongoni kulitazama. Kichwa chake kilikuwa na ukubwa wa pipa la maji, cheusi, kimelowa umande. Nyuma yake mwili ulifuata kando ya barabara, nusu umezikwa, nusu uko juu, mpaka pwani ulikoanzia. Hakuna mtu aliyelichimbia mtaro. Linakula udongo kwa mbele, linausaga na kuuoka tumboni, kisha linautoa nyuma ukiwa ukuta wake lenyewe. Likipata barabara nzuri ya kufuata hukua mita mia kwa siku. Ndani yake hupita moshi wa viwanda vya pwani, uliogandamizwa mpaka ukawa maji, unaopelekwa kuzikwa kwenye miamba ya bara. Wapo waliowahi kulikata kwa hasira. Walikutwa wamelala palepale, mapanga mikononi.

Niliweka kiganja juu ya kichwa kile, kama kanuni inavyotaka. Kilikuwa na joto la paji la uso la mgonjwa. Kishikwambi changu kikawaka, na swali likajitokeza kwa herufi kubwa.

MFEREJI HUU NI WA NANI?

Senzota alichungulia begani kwangu, akasoma, akacheka tena.

"Hilo tu? Si ungeliambia, Nakiete? Wewe si mtoto wa hapa?"

"Nitaliambia, Mwenyekiti. Nina mpaka Jumamosi saa sita mchana. Naomba tu watu wasifanye chochote mpaka nizungumze nao kesho."

Alisema hewala. Nami nikamwamini, kwa sababu nilikuwa nimechoka na safari, na kwa sababu sikutaka kueleza yaliyobaki nikiwa nimesimama pale, karibu na lile joto. Hilo ndilo kosa langu la kwanza katika habari hii, na sitalificha.

*

Yaliyobaki ni haya.

Wakubwa walipochoka na kesi za ardhi, walitunga Sheria ya Njia za Mabomba, na badala ya kuiacha makabatini wakaipachika ndani ya bomba lenyewe, kichwani. Kifungu cha saba ninakijua kwa moyo. Bomba litapita bila ombi wala fidia katika barabara yoyote, njia yoyote ya miguu na mkondo wowote wa maji ulio wa umma. Likifika kwenye mali ya mtu binafsi litasimama, na haliruhusiwi kumgusa hata majani. Likiwa na shaka litamuuliza mkaguzi, na mkaguzi akitia dole gumba, bomba linamwamini. Asipotia, au ardhi ikilijibu kabla yake, linaamua lenyewe kwa kusikiliza. Njia ni ya umma ikiwa nyayo zinazopita ni za watu wengi. Mfereji ni wa umma ikiwa unasafishwa na watu wasio wa nyumba moja, kwa hiari yao, bila mwenyewe kuwaalika.

Barabara kuu inauzunguka mlima wetu kwa mbali. Mfereji wa Mrangeni unatoka msituni juu, unaingia kwenye ndiva, lile bwawa letu la kukusanyia maji ya usiku kucha, kisha unashuka kwenye mashamba ya tangawizi na maharage mpaka darajani. Kwa bomba, huo ulikuwa mkato wa kuvuka mlima. Na kila kilomita kumi na mbili bomba lazima liote pumulio, tundu la kupunguza shinikizo. Nilipima kwenye ramani mara tatu. Pumulio lijalo lilikuwa linaangukia ukingoni mwa ndiva, katikati ya nyumba zetu. Na Mrangeni imekaa kama beseni.

Nieleze kwa nini beseni lilinitisha. Miaka miwili kabla ya hapo nilikagua njia ya miguu katika kijiji cha Kwemshare. Ilikuwa njia ya kwenda kisimani, kila mtu aliipita, nikatia dole bila kufikiri mara mbili, nikala chakula chao cha mchana nikaondoka. Pumulio la pale lilikohoa Jumatano moja saa tatu asubuhi. Hewa inayotoka humo haina rangi wala harufu, na ni nzito, inajaa bondeni kuanzia chini. Kuku walianguka kwanza. Wakafuata mbuzi. Kisha watoto wa chekechea, waliokuwa wamekaa chini kwenye mkeka. Mwalimu wao alikuwa amesimama ubaoni, hakusikia chochote, akaona wanalala mmoja mmoja, akainama kuwainua. Yeye pia hakuinuka. Watu kumi na saba, na ripoti ilisema kwamba njia ilikaguliwa ipasavyo.

Dole lililokagua ipasavyo ni hili la mkono wa kulia.

*

Ijumaa saa moja asubuhi nilisikia pembe.

Asiyekulia Upare hawezi kujua pembe ile inavyomtoa mtu kitandani. Ni wito wa msaragambo, kazi ya pamoja. Ikilia, unachukua jembe unakwenda, uwe umegombana na jirani au hujagombana. Nilikuwa nimelala kwa kaka yangu Togolani, na kabla sijavaa viatu nilikuwa nimeshaelewa. Nilitoka mbio kwa kandambili.

Nilipofika ukingoni niliwaona kwa chini, mstari mrefu kuanzia ndiva hadi darajani. Walikuwa zaidi ya mia tatu. Walikuwepo wa ukoo wetu, wa koo nyingine, Wasambaa waliohamia, hata watu wa ng'ambo ya mlima ambao maji yetu hayawafikii kabisa. Wanazoa matope, wanang'oa magugu, wanaimba. Shangazi yangu Nakijwa alikuwa mbele yao wote, miaka sabini na sita, kanga imefungwa kiunoni, anapanga mawe ya ukingo kwa namna ambayo yeye peke yake anaijua. Nilipomwona nilitaka kulia palepale.

"Acheni!" nilipiga kelele. "Wekeni majembe chini!"

Senzota alinijia huku anajifuta jasho, uso wote furaha.

"Si limeuliza ni wa nani? Basi tumelionyesha. Wote tumetoka, Nakiete! Hata mgonjwa mmoja hakubaki. Lione lenyewe kwamba mfereji huu una wenyewe!"

Nyuma yake, chini ya daraja, kichwa kilijiinua. Hakikufanya haraka. Kilitikisa umande, kikaingia katika maji yetu, kikaanza kula. Watu waliokuwa karibu waliruka kando, na nyimbo zikakatika kuanzia kule chini, zikaendelea kukatika mpaka juu kwenye ndiva, ambako wengine walikuwa bado wanaimba kwa sababu hawajaona.

Niliwaeleza basi, kwa kuchelewa, nikiwa nimesimama juu ya jiwe. Niliwaambia kwamba kwa sheria ile, mfereji wa wote si wa yeyote. Kwamba kila jembe lililogusa udongo asubuhi ile lilikuwa sahihi ya kulikaribisha. Kwamba kama angetoka mtu mmoja mchoyo akaweka uzio na kufukuza wenzake, lingesimama kwa heshima.

Senzota alitazama jembe lake kwa muda mrefu, kisha akaliweka nyasini polepole, kana kwamba lingeweza kufanya kelele.

*

"Umekasirika bure," mhandisi Ruhinda aliniambia kwenye simu. Yeye ndiye msimamizi wangu, mtu mpole, hajawahi kupandisha sauti tangu tufahamiane. "Mapumulio ya sasa yana vali mbili. Yale ya Kwemshare yalikuwa na moja."

"Na vali mbili zikishindwa?"

"Nakiete, mji wenye watu milioni tisa hauwezi kuvuta moshi wake kwa sababu ya mfereji mmoja wa tangawizi. Wakati wa Kwemshare hukuniuliza maswali haya. Ni kwa vile huku ni kwenu?"

Jibu lilikuwa ndiyo, na lilinitia aibu.

"Wewe sema ukweli tu," akamalizia. "Ni wa umma au si wa umma? Kazi yako inaishia hapo."

Ukweli ulikuwa ni wa umma. Hakuna kitu duniani kilicho cha umma kuliko mfereji wa Mrangeni. Lakini palikuwa na maneno matatu mwishoni mwa kanuni: bila mwenyewe kuwaalika. Kama mfereji ungekuwa na mwenyewe, na kama pembe ile ingekuwa imepigwa kwa niaba yake, basi watu mia tatu walikuwa wageni wake. Wazee husimulia kwamba aliyechimba mfereji kwa mara ya kwanza ni babu yetu mzaa babu. Mwanamume wa mwisho wa nyumba ile ni kaka yangu.

Nilimkuta uani anageuza tangawizi juani.

"Niandike mimi?" Togolani aliuliza. Aliacha kazi, akakaa juu ya gunia. "Mfereji mzima?"

"Mfereji na ndiva. Ni maandishi tu. Siku tisini lisisikie jembe la mtu mwingine isipokuwa umemwalika wewe kwa sauti yako. Zikiisha linarudi barabarani."

"Na maandishi? Baada ya siku tisini yanafutika?"

"Hayafutiki."

Alifikicha udongo vidoleni kwa muda. Kaka yangu si mtu mbaya. Ndiye aliyenilipia shule, ndiye aliyemwosha baba alipokuwa hawezi kuinuka. Kwa hiyo alichosema kilinishtua.

"Usinipe mimi, mdogo wangu. Leo ninajijua. Nikishapewa, sijui nitakuwa nani."

"Nimpe nani basi?"

"Mtu yeyote ni yuleyule akishapewa."

"Kaka, pumulio litaota pale." Nilimwonyesha kwa kidole. Kutoka uani kwake ndiva inaonekana vizuri, na kando yake paa la shule ya awali. "Kwemshare walianza wale waliokaa chini."

Alitazama paa lile. Kisha akanyoosha kidole gumba bila neno, kama mtoto anayenyoosha kidole kitolewe mwiba.

Jumamosi saa tano na nusu nilitia dole langu karibu na lake. Bomba lilikuwa limeshapanda hatua arobaini ndani ya mfereji. Likasimama katikati ya kutafuna. Halikurudi nyuma. Lilijikunja pembeni, likalaza kichwa ukingoni, likawa linasikiliza.

*

Kanuni inamtaka mkaguzi akae palepale mpaka siku tisini ziishe, kwa hiyo nililiona jambo lote likikua mbele ya macho yangu.

Wiki ya kwanza lilikuwa kama mchezo. Kila aliyekuwa na zamu ya maji alikuja na jembe lake, Togolani akasema kwa sauti, "Nimekualika, karibu mfereji wangu," na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Wiki ya tatu walianza kumshukuru. Walisema ahsante Togolani, wakamwita Mzee, na yeye ana miaka arobaini na minne. Wiki ya tano aliniambia wakati wa chakula kwamba kuna watu wengine hawana shukrani, wanachukua maji kama ya baba yao. Nilimtazama usoni nione kama anatania. Alikuwa anamega ugali.

Wiki ya saba aliweka waya. Alisema ni kwa ajili ya bomba, lisije likasikia nyayo za wapitaji. Ilikuwa sababu nzuri, sikuweza kuikataa. Wiki ya nane zamu za watu wawili zilirukwa, na shamba lake la tangawizi likawa la kijani kuliko yote bondeni. Senzota alikuja kulalamika, akasimama nje ya waya amevua kofia, akaongea kwa unyenyekevu kiasi kwamba niliondoka nisimsikie.

Shangazi Nakijwa hakumshukuru hata mara moja. Hakuja kualikwa pia. Tangu siku ile ya pembe alikuwa hajashuka mferejini, na alipokutana na Togolani njiani alimwita kwa jina la utotoni, palepale mbele za watu.

Siku ya sitini na moja mvua ilinyesha alfajiri, ikaleta matawi na majani ya msituni. Saa nne nilikuwa kwenye kituo changu karibu na kichwa cha bomba nilipoona maji yanafurika juu ya ukingo, yanakata udongo kuelekea ukuta wa shule. Togolani alikuwa ng'ambo anakagua waya wake. Na hapo nikamwona shangazi ndani ya mfereji, maji magotini. Alikuwa ameinua waya kwa mpini wa jembe akapita chini yake. Alikuwa anazoa.

"Shangazi! Toka!"

"Umeziba, mwanangu," alinijibu bila kuinua kichwa. "Maji yanamwagika. Huoni?"

Jembe likashuka mara ya pili, ya tatu. Kichwa kilichokuwa kimelala kando yangu kikajiinua. Kishikwambi kikawaka mikononi mwangu.

HUYU NI NANI? MWALIKWA. MVAMIZI. MWANANCHI.

Niligusa MWALIKWA, kama nilivyokuwa nimefanya mara mia. Kikajibu kwamba kinasubiri sauti ya mwenye mfereji.

"Togolani!" niliita. "Sema umemwalika! Upesi!"

Alikuja mpaka ukingoni. Alimtazama shangazi aliyemlea, ambaye alikuwa amempa mgongo na bado anazoa. Nilijua anangoja nini. Neno moja tu la shangazi lingetosha, kugeuka tu na kumwangalia.

"Shangazi," alisema, "umeniomba?"

"Nikuombe nini, Kadodo? Nishikie tawi hili."

Kichwa kilisogea, urefu wa kiganja, kisha urefu wa mkono. Nilisikia kinavyosaga mawe aliyoyapanga yeye.

"Kaka, nakusihi. Sema."

"Mimi sijamwalika," Togolani alisema. Nadhani alijisikia mwenyewe akilisema neno hilo. Lakini alikuwa ameshalisema, na bomba halichukui maneno yaliyorudishwa.

Yakabaki majibu mawili, na MWANANCHI lingeufanya mfereji kuwa wa umma. Shule ilikuwa na watoto ndani, nilisikia wanahesabu kwa pamoja. Nikagusa MVAMIZI kwa dole langu la kulia. Kichwa kikasimama.

Shangazi aliondoa tawi la mwisho peke yake, mfereji ukafunguka, mafuriko yakapungua ukutani mwa shule. Kisha akapanda ukingoni, akanijia.

"Umeliandikia nini hilo kuhusu mimi?"

Ningeweza kumdanganya. Hasomi vizuri siku hizi, macho yamefifia.

"Nimeandika kwamba umevamia, shangazi."

Aliitika kwa kichwa mara kadhaa, taratibu, kama mtu anayeelezwa njia ya kwenda mahali asipopajua. Jembe lake lilikuwa limejaa matope. Maisha yangu yote nimewaona watu wa Mrangeni wakimaliza kazi, wanaosha majembe mferejini kabla ya kwenda nyumbani. Na yeye aliinama kuliosha. Jembe lilipokuwa karibu kugusa maji akasita, akainuka. Akafungua kanga ya kiunoni, akalifuta jembe nayo mpaka likawa safi, akaifunga tena kiunoni na matope yake.

Halafu akaondoka. Hakumwangalia Togolani. Alipita kwenye kile kinjia chembamba kinachopanda kutoka mferejini, kinapita nyuma ya shule, kinakwenda kwake na kwa majirani zake wote. Sote tumekikanyaga tangu tulipojifunza kutembea.

Nilikuwa bado namtazama nilipohisi joto karibu na mguu wangu. Kichwa kilikuwa kimegeuka. Kiliuacha mfereji, kikaelekea mlimani, kikawa kinafuata nyayo zake moja baada ya nyingine. Kishikwambi kikawaka.

NJIA HII NI YA NANI?